Siasa za ndani na hasira za wananchi zinavyoongoza mambo ya nje ya China

Novemba 16, mwaka 2011, gari dogo la shule lililotengenezwa kubeba watu tisa liligongana na lori katika wilaya ya Zhengning, mkoani Gansu, kaskazini-magharibi mwa China. Ndani yake walikuwamo watu 64, karibu wote watoto wa shule ya awali. Watu 21 walifariki dunia, 19 kati yao wakiwa watoto.

Kabla mwezi huo haujaisha, serikali ya China ilikabidhi msaada wa mabasi 23 ya shule, mapya na imara, kwa serikali ya Macedonia, ambayo sasa inaitwa Macedonia Kaskazini. Vyombo vya habari vya serikali viliandika tukio hilo kama habari njema ya urafiki baina ya mataifa mawili. Wananchi waliisoma vingine. Mtandao wa Weibo, uliokuwa na umri wa miaka miwili tu, ulifurika swali moja lililorudiwa kwa maneno mengi: mabasi ya watoto wa Gansu yako wapi? Wizara ya Mambo ya Nje ililazimika kujieleza, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Wen Jiabao, akaagiza kanuni za usalama wa magari ya shule ziandikwe upesi. Kanuni hizo zilitangazwa Aprili mwaka uliofuata.

Mabasi 23 ni kitu kidogo katika hesabu za dola kubwa. Lakini mkasa huo unaonyesha jambo ambalo watu wa nje huwa wepesi kulisahau wanapoitazama China. Nchi hiyo haina uchaguzi mkuu wa vyama vingi, haina kambi ya upinzani bungeni, wala gazeti lisilo chini ya jicho la Chama cha Kikomunisti. Kwa sababu hiyo wengi hudhani viongozi wake huamua mambo ya nje kama mchezaji wa bao asiye na watazamaji: huhesabu, hunyamaza, kisha husogeza kete. Sivyo. Kiongozi wa kuchaguliwa akichukiwa hupoteza kiti, na hujua siku ya kukipoteza. Kiongozi asiyepigiwa kura hajui chuki hiyo ni kubwa kiasi gani wala itamfikisha wapi, na kutojua huko humfanya aiogope zaidi.

Kivuli cha mwaka 1919

Hofu hiyo ina historia. Mei 4, mwaka 1919, wanafunzi wapatao 3,000 walikusanyika mbele ya lango la Tiananmen, Beijing. Mkutano wa amani wa Versailles ulikuwa umeamua kuipa Japani haki zilizokuwa za Ujerumani katika mkoa wa Shandong, ingawa China ilikuwa upande wa washindi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wanafunzi hao waliandamana hadi nyumbani kwa Cao Rulin, waziri aliyetuhumiwa kuiuza nchi kwa Wajapani, wakaichoma moto nyumba yake. Migomo ikaenea hadi Shanghai. Juni 28 wajumbe wa China walikataa kutia saini mkataba.

Miaka miwili baadaye kilianzishwa Chama cha Kikomunisti, na waasisi wake wakuu, Chen Duxiu na Li Dazhao, walikuwa watu wa vuguvugu hilo. Chama kinachotawala leo, kwa hiyo, ni mtoto wa maandamano dhidi ya serikali iliyoonekana legelege mbele ya wageni. Kinaijua njia hiyo inaelekea wapi, kwa kuwa kilipita humo humo.

Katika enzi ya Mao Zedong hofu hiyo haikuwa na makali. Septemba 1972, China iliporejesha uhusiano na Japani, ilisamehe fidia ya vita vilivyoua mamilioni ya raia wake, na raia hawakuulizwa. Siasa za ndani ziliingia katika diplomasia kwa mlango mwingine: Agosti 1967, Mapinduzi ya Utamaduni yakiwa yamepamba moto, Walinzi Wekundu waliichoma ofisi ya ubalozi wa Uingereza mjini Beijing. Mwezi uliofuata serikali iyo hiyo ilitia saini makubaliano na Tanzania na Zambia ya kujenga reli ya TAZARA. Reli hiyo ya kilometa 1,860 ilijengwa kwa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, wakati Wachina wenyewe wakinunua mchele na vitambaa kwa mgawo. Hakuna aliyethubutu kuuliza hadharani kwa nini fedha hizo zinavuka bahari.

Mambo yalibadilika baada ya Juni 1989, jeshi lilipowazima kwa risasi waandamanaji wa Tiananmen. Miaka miwili baadaye Umoja wa Kisovieti ukasambaratika. Itikadi ya ujamaa ikabaki na waumini wachache, na Chama kikahitaji sababu nyingine ya kutawala. Ya kwanza ilikuwa uchumi. Ya pili ilikuwa uzalendo. Mwaka 1994 ulitolewa mwongozo wa elimu ya uzalendo, na tangu hapo vitabu vya shule, makumbusho na filamu vimefundisha habari za “karne ya fedheha”, iliyoanza na Vita vya Kasumba mwaka 1840 na kumalizika Chama kiliposhika madaraka mwaka 1949. Sheria kamili ya elimu hiyo ilianza kutumika Januari 1, 2024.

Somo hilo si la kubuni. Mauaji ya Nanjing ya mwaka 1937 yalitokea, na mashamba na miji iliyoteketezwa na jeshi la Japani haihitaji kutiwa chumvi. Lakini somo hilo husema machache mno juu ya njaa kuu ya 1959 hadi 1961, iliyotokana na sera za Chama chenyewe. Kijana aliyelelewa hivyo, akikasirishwa na bei ya nyumba, rushwa ya diwani au kukosa kazi, hukuta hasira yake ina mlango mmoja tu ulio halali, nao unatazama nje.

Koki hufunguliwa, koki hufungwa

Mei 8, mwaka 1999, kwa saa za Beijing, ndege za kivita za Marekani zilizokuwa katika operesheni ya NATO ziliupiga ubalozi wa China mjini Belgrade na kuua waandishi wa habari watatu wa Kichina. Washington ilisema ni makosa ya ramani. Wachina wachache waliamini. Makumi ya maelfu waliuzunguka ubalozi wa Marekani, Balozi James Sasser akakwama ndani kwa siku kadhaa huku mawe yakivunja madirisha, na mjini Chengdu makazi ya konseli wa Marekani yakachomwa moto. Baadhi ya wanafunzi walifikishwa eneo hilo kwa mabasi yaliyoandaliwa rasmi. Hu Jintao, wakati huo Makamu wa Rais, alitokea kwenye televisheni akaunga mkono maandamano halali na kuonya dhidi ya fujo. Radhi ya Rais Bill Clinton haikutangazwa kwa wananchi mara moja. Ilisubiri siku kadhaa.

Nyuma ya hasira hiyo kulikuwa na ugomvi wa ndani. Mwezi mmoja kabla, Waziri Mkuu Zhu Rongji alikuwa amekwenda Washington na mapendekezo makubwa ya kulegeza biashara ili China iingie katika Shirika la Biashara la Dunia. Clinton alisita, na Wamarekani wakachapisha orodha ya yale ambayo Zhu alikuwa tayari kuyatoa. Huko nyumbani wapinzani wake ndani ya Chama na katika viwanda vya umma walimwita msaliti. Bomu la Belgrade liliwapa nguvu. Mazungumzo yalikwama kwa miezi, hadi makubaliano yalipotiwa saini Novemba 15 mwaka huo.

Aprili 1, mwaka 2001, ndege ya upelelezi ya Marekani aina ya EP-3 iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani Mchina, Wang Wei, alipotea baharini. Wamarekani 24 walishikiliwa kwa siku 11. Safari hii hapakuwa na mabasi ya wanafunzi. Vyuo vilitakiwa kuwatuliza vijana wao, na mitaa ikabaki kimya. Beijing ilikuwa ikisubiri mambo mawili makubwa, uanachama wa shirika lile la biashara na uamuzi wa Julai kuhusu mji utakaoandaa Michezo ya Olimpiki ya 2008. Mgogoro ulimalizwa kwa barua ya Marekani yenye maneno ya masikitiko ambayo kila upande uliyatafsiri kwa manufaa ya wasikilizaji wake: Washington ikasema haikuomba radhi, Beijing ikawaambia wananchi kwamba imeombwa radhi.

Mtaalamu wa siasa wa Marekani, Jessica Chen Weiss, aliyechunguza matukio hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 2014, ameeleza kwamba kuruhusu maandamano ni namna ya Beijing kuwaambia wageni kuwa haiwezi kurudi nyuma, kwa sababu kurudi nyuma kutaigharimu nyumbani. Kuyazuia ni namna ya kusema inataka mapatano. Hoja hiyo ina uzito, ila inaweza kumfanya msomaji adhani kwamba mwenye koki huwa na nguvu za kuifunga kila atakapo. Wachina wana msemo kuwa aliyempanda chui milia hupata taabu kushuka.

Septemba ya mwaka 2012

Taabu hiyo ilionekana wazi mwaka 2012. Septemba 11, serikali ya Japani ilivinunua kutoka kwa mmiliki binafsi visiwa vitatu visivyokaliwa na watu katika Bahari ya China Mashariki, ambavyo Wajapani huviita Senkaku na Wachina huviita Diaoyu. Tokyo ilidai inavinunua ili visiangukie mikononi mwa gavana wa mji huo, Shintaro Ishihara, mwanasiasa mwenye msimamo mkali. Kwa maneno mengine, Japani nayo ilikuwa ikitibu homa ya siasa zake za ndani. Beijing haikutaka kusikia maelezo hayo.

Wakati haukuwa mzuri hata kidogo. Mkutano Mkuu wa 18 wa Chama, uliotarajiwa kumkabidhi Xi Jinping uongozi, ulikuwa wiki chache mbele. Kashfa ya Bo Xilai, aliyekuwa kigogo wa Chongqing, ilikuwa imeuchana uongozi vipande. Xi mwenyewe hakuonekana hadharani kwa takriban wiki mbili mwanzoni mwa mwezi huo, bila maelezo. Katika hali hiyo hakuna kigogo aliyekuwa tayari kuonekana mpole kwa Japani.

Maandamano yalilipuka katika miji zaidi ya 100. Mjini Qingdao viwanda na maduka ya magari ya Kijapani vilichomwa. Mjini Xi'an, Septemba 15, mwanamume wa miaka 51 aliyekuwa akiendesha gari lake aina ya Toyota akiwa na familia yake alizuiwa na kundi la watu. Mkewe aliomba wasamehewe, akisema ni kosa lao kununua gari la Kijapani na kwamba hawatarudia. Kijana mmoja, mpiga plasta wa miaka 21, alimpiga mwanamume huyo kichwani kwa kufuli la chuma la baiskeli, akapooza upande mmoja wa mwili. Kijana huyo alifungwa miaka 10. Wote wawili walikuwa Wachina. Hata magari yaliyokuwa yakipinduliwa mitaani, mengi yaliundwa China, na wafanyakazi wa Kichina, katika viwanda ambavyo serikali ina hisa.

Miongoni mwa mabango yalionekana pia mengi yenye picha ya Mao Zedong. Kwa mpita njia ilikuwa picha ya baba wa taifa tu. Kwa viongozi ilikuwa ujumbe mwingine: enzi ya Mao hapakuwa na tofauti kubwa hivi ya tajiri na maskini, wala viongozi wenye watoto wanaosoma ng'ambo. Siku chache baadaye polisi wa Beijing waliwatumia wakazi ujumbe wa simu wakiwaambia maandamano yamekwisha. Yakaisha. Mauzo ya Toyota nchini China mwezi huo yalikuwa yameporomoka kwa karibu nusu, na uhusiano wa nchi hizo mbili ulichukua miaka kupata nafuu.

Hasira yenye soko

Tangu wakati huo Chama kimeubana mtaa na kuuachia mtandao. Huko hasira imekuwa bidhaa. Gazeti la Global Times, lililoanzishwa mwaka 1993 chini ya gazeti la Chama la People's Daily, lilijipatia wasomaji kwa lugha ya ukali, hasa chini ya mhariri wake Hu Xijin, aliyeliongoza kuanzia 2005 hadi 2021. Filamu ya Wolf Warrior 2 ya mwaka 2017, inayomwonyesha komandoo Mchina akiwaokoa wenzake katika nchi ya Kiafrika isiyotajwa jina, ilivunja rekodi ya mapato ya sinema nchini humo. Wanadiplomasia waliochagua kuzungumza kwa ubabe wakabandikwa jina la filamu hiyo. Mashuhuri wao, msemaji Zhao Lijian, alishangiliwa sana mtandaoni. Januari 2023, Beijing ilipotaka kupunguza joto, alihamishiwa idara ya mipaka na bahari, mbali na vipaza sauti.

Agosti 2, mwaka 2022, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, Nancy Pelosi, alitua Taipei, mji mkuu wa Taiwan, kisiwa ambacho Beijing hukihesabu kuwa sehemu ya China. Kabla ya hapo Hu Xijin alikuwa amedokeza kwamba ndege yake ingeweza hata kutunguliwa. Mamilioni ya Wachina walikesha wakisubiri. Ndege ikatua salama. Kejeli zilizofuata hazikumwelekea Pelosi pekee. Wengi waliuliza maneno makali yote yale yalikuwa ya nini. Mazoezi makubwa ya kijeshi yaliyokizunguka kisiwa hicho siku zilizofuata yalikuwa na hadhira mbili, na ile ya nyumbani haikuwa ndogo.

Ikumbukwe kwamba Wizara ya Mambo ya Nje si yenye kauli ya mwisho. Maamuzi makubwa hufanywa na Kamati ya Kudumu ya Politburo yenye watu saba na Tume Kuu ya Mambo ya Nje ya Chama, inayoongozwa na Xi mwenyewe. Jeshi huwajibika kwa Tume Kuu ya Kijeshi ya Chama, si kwa Baraza la Mawaziri. Udhaifu wa wizara ulionekana Julai 2023, Waziri Qin Gang alipoondolewa baada ya miezi saba tu kazini, bila sababu kutangazwa. Mwanadiplomasia anayefanya kazi katika mazingira hayo hujifunza upesi kuwa ukali haujamfukuzisha mtu kazi mara nyingi kama upole.

Afrika katika hesabu hiyo

Kwa Waafrika suala hili si la mbali. Septemba 2018, kwenye mkutano wa ushirikiano wa China na Afrika mjini Beijing, Xi alitangaza dola bilioni 60 kwa ajili ya bara hili. Swali la mabasi ya Gansu likarudi kwa sura mpya: kwa nini fedha hizo zisiende kwa hospitali na shule za vijijini kwetu? Maoni mengi ya aina hiyo yalifutwa. Mwezi uliotangulia, profesa mstaafu Sun Wenguang, aliyekuwa akikosoa matumizi hayo kwa simu katika matangazo ya Sauti ya Amerika, aliingiliwa na maofisa nyumbani kwake mkoani Shandong na mazungumzo yakakatika hewani.

Serikali imejikuta ikisema kwa ndimi mbili. Ikiwa Dar es Salaam au Nairobi hulitaja jambo hilo kama urafiki na udugu. Ikiwa nyumbani hulieleza kama biashara: sehemu kubwa ni mikopo inayolipwa, na kazi hupewa makampuni ya Kichina. China haichapishi hesabu kamili ya msaada wake nchi kwa nchi, na hofu ya maswali ya wananchi wake inatosha kuwa mojawapo ya sababu. Ahadi ya mwaka 2021 kule Dakar ilishuka hadi dola bilioni 40. Ile ya Beijing mwaka 2024 ilitajwa kwa sarafu ya China, yuan bilioni 360, sawa na takriban dola bilioni 50.

Yapo na machungu zaidi. Februari 2020, Wizara ya Sheria ilitoa rasimu ya kanuni za ukaazi wa kudumu kwa wageni. Mtandao ulichafuka, na matusi mengi yakawalenga wanaume wa Kiafrika. Rasimu ikawekwa kando. Wiki chache baadaye, Aprili, Waafrika jijini Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli na kulazimishwa karantini kwa hofu ya virusi vya corona, wengine wakilala barabarani. Uamuzi huo haukutoka Beijing. Ulitoka kwa maofisa wa mitaa na wenye nyumba walioogopa kulaumiwa na majirani. Lakini bili ilikwenda Beijing. Mabalozi wa Afrika walimwandikia Waziri Wang Yi kupinga, na Umoja wa Afrika ukamwita balozi wa China. Ulikuwa ukemeaji wa wazi ambao China haikuuzoea kutoka bara hili.

Mwaka 2024 na baada yake

Juni 2024, mjini Suzhou, mtu mwenye kisu alimvamia mama wa Kijapani na mtoto wake kwenye kituo cha basi la shule. Mhudumu wa basi hilo, mwanamke Mchina, alimzuia, akauawa. Septemba 18 mwaka huo, siku ya kumbukumbu ya uvamizi wa Japani huko Manchuria mwaka 1931, mtoto wa Kijapani wa miaka 10 alichomwa kisu akielekea shuleni mjini Shenzhen, akafariki. Beijing iliyaita matukio hayo ya mtu mmoja mmoja. Makampuni ya mitandao, hata hivyo, baada ya shambulio la Suzhou yalitangaza kuziondoa kauli za chuki dhidi ya Wajapani, ambazo yalikuwa yameziacha zikae kwa miaka.

Novemba 7, mwaka 2025, Waziri Mkuu wa Japani, Sanae Takaichi, aliliambia bunge kuwa shambulio dhidi ya Taiwan linaweza kuhesabiwa kuwa tishio kwa uhai wa Japani. Siku saba baadaye China iliwashauri raia wake wasisafiri kwenda Japani. Maonyesho ya wanamuziki wa Kijapani yakaahirishwa, tiketi za ndege zikarejeshwa kwa wingi, na wenye hoteli na maduka wa Osaka na Tokyo wakaanza kupiga hesabu za hasara. Hapakuonekana maandamano makubwa kama ya mwaka 2012.